Mgeni kasema "I'm cool", mimi nikamletea mablanketi

Shikamoo mwalimu. Mimi ni muongoza watalii, napandisha wageni Kilimanjaro, huu mwaka wa sita. Kiingereza nimekiokota njiani na kazi inakwenda, ila kuna neno moja linanitesa: "cool". Msimu huu tulikuwa kambi ya Barafu, upepo unakata masikio, nikamuuliza mama mmoja wa Kimarekani kama anahitaji blanketi jingine. Akajibu, "I'm cool, thanks." Nikajua huyu baridi imemwingia, nikakimbia kumletea mawili. Hema zima la chakula likaangua kicheko. Kesho yake mpagazi wetu akamwaga chai kwenye begi la mumewe. Mzee akasema "Not cool, man." Tukamwomba radhi, akasema "It's okay, we're cool." Siku ya kuagana akanisimulia kwamba safari nzima imemla "a cool twelve thousand". Sasa mwalimu, hili neno ni baridi, ni poa, au ni nini? Na hii "poa" yetu tumeitoa kwao?

Marahaba, kaka. Kicheko cha hema moja ni kidogo. Mimi nilipoanza kazi ya ukalimani, bado kijana wa tai ya kuazima, nilikaa kati ya mgeni Mwingereza na mwenyeji wetu. Mgeni akalalamika kwa adabu yao ile ya kuzungukazunguka kwamba ujumbe wake ulipata mapokezi ambayo ni "rather cool". Nikamgeukia mwenyeji: "Anasema mapokezi yalikuwa poa sana." Mwenyeji akafurahi, akampa mkono, akaagiza soda za pili. Mgeni alinitazama kwa macho ambayo mpaka leo nikiyakumbuka natamani kujificha chini ya meza. Alichosema ni kwamba walipokelewa kikavu, bila bashasha, kama watu waliokuja kudai deni.

Kwa hiyo swali lako nalijua kwa maumivu, na dawa niliyoipata ni hii. Ukisikia "cool", usianze kutafuta baridi iko wapi. Jiulize ni joto gani lililoondoka. Neno hili maisha yake yote limekuwa likitaja joto ambalo halipo, na joto la binadamu ni la aina nyingi: joto la mwili, la hasira, la mapenzi, la aibu, la pupa. Ukishajua ni lipi limetoka, umeshajua kama unasifiwa, unasamehewa au unanuniwa.

Tuanze na blanketi, maana hapo kilichokuponza si Kiingereza, ni Kiswahili chako. Sisi tuna "baridi" moja tu kwa kazi zote. Soda baridi, ambayo unaitamani ukiwa stendi ya Moshi saa nane mchana, na baridi ya Barafu, ambayo inakugandisha vidole usiweze kufunga kamba za buti, zote kwetu ni baridi. Wao wamegawa. "Cool" ni ubaridi unaostahimilika, na mara nyingi unaopendeza: kivuli cha mwembe, upepo wa jioni pwani, maji ya mtungi. "Cold" ndiyo ile inayouma. Pale kambini, zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, usiku hakuna kitu ambacho ni "cool". Kila kitu ni "cold", au "freezing" kabisa. Mgeni ambaye mwili wake unatetemeka atakwambia "I'm cold." Hata siku moja hatalilia blanketi kwa kusema "I'm cool."

Basi mama yule alisema nini? Alisema hapana. "I'm cool, thanks" ukiwa umempa mtu kitu maana yake ni "niko sawa, ahsante, sihitaji." Joto lililotoka hapo ni lile la kuhitaji, la kuhangaika. Wamarekani wana ndugu yake ambaye nina hakika umeshakutana naye mezani: "I'm good." Unauliza kama aongezewe supu, anajibu "I'm good," na wewe umesimama na upawa hewani hujui kama umwage au urudishe. Rudisha. Hawa watu wengi wao wanaona neno "no" tupu ni kali mno kwa mtu anayewahudumia, kwa hiyo wanalificha ndani ya habari njema kuhusu hali zao. Siyo jambo geni kwetu. Sisi tukikaribishwa chakula tusichokitaka tunasema "nimeshiba, ahsante" hata kama tumbo linanguruma.

Chai kwenye begi ni rahisi zaidi. "Not cool" ni lawama, lakini lawama ya kupima: umefanya jambo lisilo la kiungwana, nimeliona, sitalifanyia kesi. Ile "man" ya mwisho inailainisha zaidi, kama sisi tunavyosema "aah, kaka, siyo vizuri bwana." Akisema "that's not cool" polepole, bila "man", akikutazama machoni, hapo lawama imepanda ngazi. Na "we're cool" ndiyo suluhu yenyewe. Joto lililotoka ni la hasira, kati yenu hakuna kinyongo. Angalia kwamba anasema "we", siyo "I". Anazungumzia hali iliyoko baina ya watu wawili. Ndiyo maana hata mkosaji anaweza kuuliza "Are we cool?", yaani yameisha? Ukiulizwa hivyo na moyo wako umetulia, jibu "Yeah, we're cool", na usirudie tena habari ya chai. Wenzetu hawa wakishasema hivyo, kuendelea kuomba radhi kunawachosha.

Kuna na "cool with", ambayo kwako mwenye kazi ya mlima ni muhimu kuliko zote. "Are you cool with leaving at midnight?" hakuulizi kama saa sita za usiku kuna baridi. Anauliza kama unakubali, kama huna kipingamizi. Ukijibu "Yes, very cool" watacheka tena.

Sasa zile dola. Hii naipenda, niruhusu nikae hapo kidogo. "A cool twelve thousand" haina maana kwamba pesa zilikuwa poa, wala kwamba bei ilikuwa nafuu. Tangu karne ya 18 Waingereza hulipachika "cool" mbele ya kiasi kikubwa cha pesa ili kukikuza: elfu kumi na mbili nzima nzima, bila kupepesa. Ni kama kumwona mtu anahesabu noti moja baada ya nyingine, uso umetulia, jasho halimtoki. Mwandishi wao Charles Dickens aliifanyia mzaha mwaka 1861. Katika riwaya yake Great Expectations kuna mhunzi mmoja, Joe, mtu mwema asiye na elimu, anayemsimulia kijana Pip kwamba marehemu fulani ameacha urithi wa "a cool four thousand". Pip anajisemea kwamba hakuwahi kujua Joe aliitoa wapi hiyo hali ya hewa ya paundi elfu nne, ila aliona wazi kwamba kila akiitamka "cool", pesa zilimzidia utamu. Kwa hiyo mzee wako alipokwambia vile alikuwa anajigamba kidogo na kulalamika kidogo kwa pumzi moja. Jibu lake lilikuwa kutikisa kichwa na kusema "Wow." Natumaini ulifanya hivyo, hasa kama tipu ilikuwa bado haijatoka.

Umri wa neno hili unashangaza watu wanaodhani limezaliwa na muziki wa vijana. Mzizi wake ni uleule wa "cold" na "chill", na tangu zamani sana linapimia moyo. Beowulf, shairi la Kiingereza cha kale lililo katika hati ya mnamo mwaka 1000, linatabiri habari za mume ambaye baada ya majonzi kufurika, mapenzi yake kwa mkewe yatakuwa "colran", yaani yatapoa. Ukiitia kwa Kiswahili huhitaji hata maelezo, kila mtu barazani ameshasikia mapenzi yaliyopoa. Shakespeare naye, katika Hamlet, anampa mama maneno ya kumsihi mwanawe anyunyizie "cool patience" juu ya moto wa ghadhabu yake. Subira kama maji, hasira kama moto. Hapo "cool" ni utulivu wa mtu mzima. Mwaka 1732 mshairi John Gay akaimba kuhusu mtu aliye "cool as a cucumber", na mpaka leo Mwingereza akitaka kumsifu asiyetetereka humfananisha na tango, pale ambapo sisi tungesema katulia kama maji mtungini.

Lakini utulivu ukizidi unageuka. Mtu asiyeona joto hata pale anapotakiwa kuona aibu, huyo tunamwitaje? Sisi tunasema mkavu wa macho. Sisi tumetumia ukavu, Waingereza wakatumia ubaridi. Karne ya 19 ukisema tendo la mtu ni "cool" uliweza kumaanisha ana ujasiri usio na haya. Mfano mzuri ni wa Abraham Lincoln. Tarehe 27 Februari 1860, pale Cooper Union jijini New York, aliwajibu wanasiasa wa Kusini mwa Marekani waliokuwa wanatishia kwamba chama chake kikishinda urais watauvunja Muungano, halafu lawama ya kuuvunja iwe ya chama hicho. Lincoln akasema: "That is cool." Kisha akafananisha: jambazi ananiwekea bastola sikioni, ananung'unika kwa meno yaliyobanwa, toa pesa la sivyo nitakuua, na hapo wewe ndiye utakuwa muuaji! Kijana wa leo akisoma kijuujuu anaweza kudhani Lincoln anawapongeza. Alikuwa anasema: loo, macho makavu namna hii!

Maana hiyo haijafa. Ukisikia "a cool customer", inaweza kuwa sifa ya mtu jasiri, na inaweza kuwa onyo kwamba huyu ni mtu wa kumchunga.

Hii ya sifa, ya "that's cool" inayosemwa na kila mtalii akiona kinyonga, ina historia nyingine, na hapa wanaostahili shukrani ni Wamarekani Weusi. Zora Neale Hurston, mwandishi aliyekuwa na sikio la ajabu la kunasa usemi wa watu wake wa Florida, alichapisha hadithi fupi mwaka 1933 ambamo mhusika mmoja anasema "whut make it so cool" ni kwamba bwana fulani ana pesa zilizolundikana. Hapo tayari "cool" ni raha, ni jambo la kuvutia. Kisha wakaja wanamuziki wa jazi. Mpiga saksafoni Lester Young, mzaliwa wa Mississippi mwaka 1909, ndiye anayetajwa zaidi kwa kulieneza neno hili miongoni mwa wenzake. Hata upigaji wake ulikuwa hivyo: sauti nyepesi, haisukumi, haitoi jasho, wakati wengine wanapuliza kwa nguvu. Kufikia mwaka 1957, albamu ya mpiga tarumbeta Miles Davis iliyokusanya muziki aliorekodi mwaka 1949 na 1950 ilipotoka kwa jina la Birth of the Cool, neno lilikuwa limeshatoka vilabuni na kuingia sebuleni kwa Wazungu.

Na usidhani ulikuwa urembo tu. Fikiria mtu mweusi Marekani ya miaka ile, anayeweza kupigwa au kuuawa kwa sababu ya kuonyesha hasira mbele ya Mzungu. Kuuzuia uso usiseme kilichomo moyoni ilikuwa kinga. Ndiyo maana "keep your cool" na "lose your cool" zimelifanya neno kuwa kitu unachokimiliki, unachoweza kukishika au kukipoteza, kama vile sisi mtu anavyopoteza subira.

Sasa sehemu ya mwisho ya swali lako, ambayo wengi huijibu harakaharaka: "poa" ni tafsiri ya "cool". Mimi sikubali kirahisi hivyo. Kupoa ni kitenzi chetu cha Kibantu, na ukoo wake ni mpana. Wazulu husema "phola", na kwao kitenzi hicho hicho ni kupoa na pia kupona kidonda. Kwetu mganga hupoza. Upole umo katika ukoo huohuo, na "pole" unayompa mfiwa au aliyejikwaa ni ya ukoo huo pia: unamtakia maumivu yake yapungue moto. Na wewe kaka, unayeimba "pole pole" kuanzia lango la Machame mpaka Uhuru, mita 5,895, umekuwa ukiwafundisha wageni jamaa wa "cool" kila siku bila kujua. Mtaalamu wa sanaa za Afrika kutoka Chuo Kikuu cha Yale, Robert Farris Thompson, aliandika mwaka 1973 kuhusu jambo hili katika Afrika Magharibi: Wayoruba wana neno "itutu", ubaridi wa tabia, ambao ni utulivu, uungwana na uso usiobabaika, na kwa maoni yake "cool" ya Wamarekani Weusi inafanana na hiyo kiasi kwamba haiwezi kuwa sadfa tu. Kwa hiyo hata kama kijana wa Dar au Nairobi aliyeanza kujibu "mambo?" kwa "poa!" alikuwa amesikia muziki wa Marekani, mbegu ilianguka kwenye udongo uliolimwa siku nyingi. Kwa maoni yangu, wala haikuwa mbegu ngeni.

Ila undugu usikudanganye ukaanza kubadilisha moja kwa nyingine. Ukimwambia Mmarekani "you are cool" umemsifu. Ukimwambia Mswahili "mbona umepoa?" umemwambia amenywea, achangamke. Kijana aliyepoa kwetu hana sifa, ni wa kuulizwa kama ana homa. Biashara ikipoa hapa na soko likiwa "cooling" kule, hapo tunaelewana, wote tunalia. Na kuna mtego mmoja naomba uuandike kwenye kiganja. Mgeni akikusifia dada yako kwamba ni "so cool", usije ukamtafsiria mama yako kwamba mgeni kasema huyu ni dada poa. Nimeshamwona kijana mmoja, mwanafunzi wangu, akifanya hivyo mezani kwao mbele ya wazazi. Ugali ulibaki sahani nzima. Bahati mgeni hakuelewa kitu, alidhani wanasali.

Na kwa kuwa tumefika huko: usifikiri "hot" ndiyo kinyume chake. Mtaani Kiingereza husifia kwa yote mawili, kama sisi tunavyosifia wimbo kwa kusema ni mkali na hapohapo tukasema ni poa. Lakini "hot" kwa mtu ni mvuto wa kimwili. Mgeni wa kike akiwa anatokwa jasho msituni, muulize "Are you too hot?" kwa sauti ya kuuliza, na hiyo "too" usiisahau. Ukimwambia "You are hot" kama taarifa, umeingia kesi ambayo hukuikusudia. Kuli wa bandarini, kabla hujaniuliza, hahusiani na "cool" hata kidogo. Sauti zimefanana tu.

Sauti, ndiyo. "Cool" fupi iliyoshuka mwisho ni "sawa, nimekusikia", mara nyingi mtu anafunga mazungumzo. Ile inayovutwa, "cooool", ni kuvutiwa kweli. "Cool, cool" mara mbili, macho kwenye simu, maana yake hakusikilizi. Ukisikia hii ya tatu wakati unaeleza kanuni za mlimani, simama, anza upya.

Turudi Barafu tumalizie blanketi. Neno umeshalielewa, lakini mimi ningekuwa wewe nisingeishia kwenye neno. Swali lako lilikuwa zuri, ila liliacha mlango wa adabu wazi, na mgeni atapita hapo kila mara kwa sababu hataki kukusumbua. Uliza "Are you warm enough?" Hilo linamlazimisha afikirie mwili wake kabla ya adabu zake. Na akikujibu "I'm cool" huku kifungo cha koti kinamshinda vidole, maneno yanamtoka kama mlevi na meno yanagongana, usimsikilize. Mwite msaidizi wako, mtoeni nguo mbichi, mpeni cha moto anywe, na lete yale mablanketi yako mawili bila kuuliza tena.